Fedha ya Utafiti na Watu Wanaoitunza



Mimi ni mkazi wa Moshono, na sisi watu wa Moshono hatuna haja ya kufundishwa fedha ya mfadhili ni kitu gani. Shule ya St Jude ilianzia hapa kwetu mwaka 2002 ikiwa na wanafunzi watatu, na mpaka leo inasomesha watoto bila ada kwa michango ya watu ambao wengi wao wako Australia na nchi nyingine za mbali. Muulize mama anayeuza ndizi kando ya barabara. Atakwambia kwamba mchango ukishaingia, lazima awepo mtu wa kuupokea, wa kuuandika, wa kuutolea hesabu, na wa kumjulisha aliyetoa kwamba mtoto anaendelea vizuri, amepanda darasa. Mama huyo analielewa jambo hili kuliko maprofesa kadhaa ninaowafahamu.

Jioni ya leo nataka tuwazungumzie hao wapokeaji na watoa hesabu, ila wale walioko vyuo vikuu, kwenye fedha za utafiti. Mara kwa mara tunasikia chuo fulani kimepata mradi wa mamilioni ya dola. Picha zinapigwa: makamu mkuu wa chuo yupo, balozi yupo, mtafiti mkuu ameshika kalamu. Yule wa ofisi ya miradi, atakayekaa na mradi ule miaka mitano mpaka risiti ya mwisho, kwenye picha hayumo. Nami nasema huyo ndiye anayeamua kama mradi utaishi au utakufa.

Arusha yetu ina utafiti mwingi kuliko tunavyodhani. Ukitoka Moshono ukashika barabara ya Moshi, si mwendo mrefu unafika Tengeru, kwenye Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Ilichukua majengo yaliyokuwa ya CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, ikaanza kupokea wanafunzi mwaka 2011, wa uzamili na uzamivu. Tengeru hiyohiyo kuna kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga. Njiro wapo TAWIRI na wanyamapori wao, Ngaramtoni wapo watu wa viuatilifu na afya ya mimea. Ukivuka mpaka wa mkoa kuna hospitali ya KCMC ya Moshi. Kazi nyingi za hawa wote zinaendeshwa kwa ruzuku, na sehemu kubwa ya ruzuku hizo inatoka nje ya nchi.

Ruzuku si mkopo, kwa hiyo hairudishwi. Ndivyo inavyosemwa. Lakini ruzuku ina masharti, na ukiyavunja, fedha inarudi kwa njia ya uchungu sana: mkaguzi anakuja, anakuta malipo yasiyokubalika, anayaandika kwenye ripoti, mfadhili anadai chake. Wakati huo fedha imeshatumika. Chuo kinalipa kutoka kwenye ada za wanafunzi au kwenye kitu kingine kilichokuwa na kazi yake.

Ngoja nikupe mfano wa kubuni, lakini watu wa vyuoni watautambua. Mtafiti wa lishe anataka kupima madini yaliyomo kwenye mnafu na mchicha tunaokula huku mlimani. Anachukua masurufu, yaani fedha taslimu ya kazi, na Jumamosi anaingia soko la Tengeru. Ananunua fungu moja kwa kila mama, kwa akina mama ishirini tofauti, maana sampuli zikitoka kwa muuzaji mmoja hazimwambii kitu. Anawalipa, anachukua bodaboda na mzigo wake, anakwenda maabara. Kazi safi kabisa.

Wiki iliyofuata anapaswa kurejesha masurufu. Mhasibu anamwuliza risiti za mashine ziko wapi. Mama wa mnafu hana mashine ya EFD, na mauzo yake ni madogo kiasi kwamba sheria haimdai awe nayo. Wa bodaboda naye vilevile. Mtafiti anakasirika, anasema mimi ni daktari wa falsafa, nitaiba fedha ya mchicha? Mhasibu naye anasema mimi sijasema umeiba, nimesema risiti. Masurufu yanakaa bila kurejeshwa, muda unapita, jina la mtafiti linaingia kwenye orodha ya wadaiwa, na mdaiwa hapewi masurufu mengine. Utafiti umesimama. Waliousimamisha ni watu wawili waaminifu.

Sasa mweke pale mhasibu wa aina ya pili. Huyu alilisoma andiko la mradi kabla halijatumwa kwa mfadhili. Alipofika kwenye mstari wa kununua sampuli sokoni aliuliza: nani atatoa risiti? Akatengeneza fomu ya kukiri mapokezi, yenye jina la muuzaji, namba ya simu, kiasi, na saini au dole gumba. Akamwomba mfadhili aikubali fomu hiyo kwa maandishi, barua ikaingia kwenye faili. Jumamosi ile mtafiti alikwenda sokoni na fomu zake mkononi. Hakuna aliyegombana na mtu.

Wahasibu wa aina hii wapo, nimewaona. Ni wachache, wanafanya kazi ya watu watatu, na mara nyingi wako kwenye mkataba wa mradi. Mradi ukiisha nao wanaondoka, pamoja na kila walichokijua. Mradi unaofuata unaanza na mtu mwingine asiyejua hata faili zilipo.

Tuje kwenye maji, maana hapa ndipo mambo yanapouma. Sisi tuliokulia kwenye miteremko ya Meru tunajuana kwa meno. Maji yanapita kwenye miamba ya volkano, yanabeba madini ya floraidi, na mtoto akiyanywa tangu udogoni meno yanaota na rangi ya kahawia. Ikizidi sana inaharibu mifupa. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi sisi Tanzania tuliruhusu mpaka 4, kwa sababu maeneo mengi hayakuwa na maji mengine. Kwa hiyo utafiti wa floraidi kwetu ni suala la mtoto wa jirani. Tengeru wanaufanya. Dakta Askwar Hilonga wa Nelson Mandela alitengeneza chujio la maji lililoshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015, tuzo inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, pauni 25,000. Tulifurahi wote.

Lakini utafiti wa maji una ratiba yake, na haimsubiri mtu. Kiasi cha floraidi kwenye chemchemi au kisima kinaweza kubadilika kati ya masika na kiangazi, kwa hiyo lazima uchote misimu yote miwili. Tuseme barua ya mfadhili imefika Januari. Fedha lazima iingie kwenye akaunti inayotambulika, bajeti iingizwe kwenye mfumo wa malipo wa serikali, kila kifungu kipate kasma yake. Kemikali na vifaa vinunuliwe kwa sheria ya ununuzi wa umma, ambao tangu mwaka 2023 unapitia mfumo wa NeST, na muuzaji asiyesajiliwa humo hauzi. Ofisi ya miradi yenye watu wanaojua kazi inaanza hatua zote hizi Desemba, mara tu mfadhili anapodokeza kwamba andiko limepita. Ofisi isiyo na watu inaanza Machi. Kufika mwisho wa Mei mvua zimekwisha na chupa za sampuli bado ziko kwa msambazaji. Kisha unaingia Juni, mwisho wa mwaka wa fedha, vitabu vinafungwa, hakuna anayelipwa mpaka mwaka mpya ufunguke.

Masika ijayo ni baada ya mwaka mzima. Mtafiti anaandika kuomba aongezewe muda bila fedha, na mfadhili anaweza kukubali. Mwanafunzi wa uzamivu je? Posho yake ilipangwa kwa miezi maalumu. Inakwisha akiwa na sampuli za kiangazi peke yake. Wapo vijana waliochelewa kuhitimu kwa sababu hiyo, na ukisoma tasnifu zao hutakuta mahali palipoandikwa kwamba kilichowachelewesha ni chupa za plastiki.

Natambua msikilizaji mmoja anasema: basi legezeni sheria za ununuzi, watafiti waachwe wafanye kazi. Hapana. Nchi hii tumeumia vya kutosha kwa manunuzi ya kiholela, na fedha ya utafiti ikishaingia chuo cha umma ni fedha ya umma, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ana haki ya kuifuata mpaka ilipoishia. Sheria zile zinaweza kufuatwa kwa haraka. Zinataka tu mtu anayezijua, mwenye muda wa kuzitumia.

Na kuna mahali ambapo jambo hili lilipewa bei. Mwaka 2016 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa pili wa vituo vya umahiri vya elimu ya juu Afrika, safari hii kwa nchi za Mashariki na Kusini: dola milioni 140, vituo 24, nchi 8, huku Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki la Kampala likiratibu. Tanzania tulipata vituo vinne. Viwili vikawa Sokoine, Morogoro, na viwili hapa Tengeru, kimoja cha chakula na lishe, kingine cha maji na nishati. Kila kituo kilikuwa na takriban dola milioni 6. Sasa sikiliza masharti yake. Fedha haikutolewa kwa kuwa umepanga kuitumia, ilitolewa kwa matokeo. Umesajili wanafunzi wangapi, wangapi wametoka nchi jirani, umechapisha nini. Na kwenye orodha hiyohiyo ya matokeo yanayolipiwa yalikuwemo haya: ripoti za fedha zitoke kwa wakati, kamati ya ukaguzi iwe inafanya kazi, ripoti za ukaguzi ziwekwe hadharani mtu yeyote azisome, na ununuzi ukaguliwe. Yaani mhasibu akifunga hesabu kwa wakati, chuo kinalipwa kwa kazi hiyo, kama kinavyolipwa kwa makala ya kisayansi.

Mimi nilipolijua hilo nilisema, hawa angalau wamesema ukweli. Wafadhili wengi hawasemi. Wanataka hesabu za kina, kila senti na mahali pake, lakini ukiwaambia mwenye kuzifanya hesabu hizo anahitaji mshahara, wanageuka bubu.

Hapo tunaingia kwenye kile ambacho watafiti wetu wanakiita makato ya chuo. Mradi unapopatikana, chuo huchukua asilimia fulani kwa ajili ya umeme, maji, ulinzi, intaneti, maktaba, na ofisi ya uhasibu. Watafiti wanayachukia makato haya kama mlevi anavyomchukia polisi wa usalama barabarani. Nami siwalaumu sana, kwa sababu vyuo vingine hukata na usione kilichofanyika. Lakini tazama viwango vyenyewe. Kwa miaka mingi taasisi za afya za serikali ya Marekani, NIH, zilimruhusu mpokeaji aliye nje ya Marekani kuchukua asilimia 8 tu kwa gharama hizi. Wakati huohuo Harvard kiwango chake kilikuwa asilimia 69 juu ya gharama za utafiti wenyewe. Umoja wa Ulaya hutoa asilimia 25 kwa wote. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipotaka kuvishusha vyuo vyake mpaka asilimia 15, vililia kwamba maabara zitafungwa, vikakimbilia mahakamani, na mahakama ikazuia agizo lile. Asilimia 15 kwa Harvard ni msiba. Huku kwetu asilimia 8 ilikuwa hali ya kawaida, na ripoti ilitakiwa iwe ileile, kwa fomu zilezile.

Mfano mzuri wa jinsi uwezo unavyojengwa uko jirani, Moshi. Mwaka 2010 Marekani ilianzisha mpango wa kuimarisha elimu ya udaktari Afrika, dola milioni 130 kwa miaka mitano, na Chuo Kikuu cha tiba cha KCMC kikawa miongoni mwa vyuo 13 vilivyochaguliwa, sehemu yake ikiwa dola milioni 10. Jipya la mpango ule lilikuwa kwamba fedha ilikwenda moja kwa moja kwenye chuo cha Afrika. Zamani ilikuwa inafikia kwanza chuo kikubwa cha Marekani, kinachukua chake, kinatuma kinachobaki. Safari hii Duke ya Carolina Kaskazini ilikuwa mshirika, na mwenye mkataba alikuwa Moshi. Ukiwa mwenye mkataba, wewe ndiye unayesaini, unayeripoti, unayekaguliwa. Huwezi tena kusema nitawauliza Wamarekani. Lazima uwe na watu wako wa ruzuku. Hakuna semina inayofundisha kama hivyo.

Kinyume chake tumekiona karibuni. Mwaka 2021 Uingereza ilipunguza misaada yake, na mwezi wa tatu bodi yao ya utafiti ikaviandikia vyuo kwamba kuna pengo la pauni milioni 120 kati ya ahadi zilizotolewa na fedha iliyopo. Miradi iliyokuwa katikati ya safari ikakatwa. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada ya nje, na kufika Julai USAID ilikuwa imefungwa. Mei mwaka huohuo NIH ikatangaza kusitisha ule mtindo wa chuo cha Marekani kupokea na kumgawia mshirika wa nje, mpaka utaratibu mwingine uwekwe. Siasa zilikuwemo, tusijidanganye. Lakini sababu waliyoitaja NIH ilikuwa kwamba hawaoni vizuri fedha ile inaishia wapi.

Barua ya kusimamisha kazi ikifika, chuo kinaulizwa jambo moja: mpaka tarehe hii umetumia kiasi gani, na ushahidi uko wapi? Ruzuku nyingi huendeshwa kwa chuo kutumia kwanza na kudai baadaye. Aliyefunga hesabu za mwezi uliopita anadai chake siku hiyohiyo. Aliye nyuma miezi sita anatafuta risiti kwenye mabahasha, wakati wafanyakazi wa mradi, wale vijana wanaohoji kaya vijijini, wanasubiri mishahara ya kazi waliyoifanya.

Kuna wanaosema dawa ni fedha yetu wenyewe, na hapo niko nao. Tulikuwa na Baraza la utafiti, UTAFITI, tangu mwaka 1968, kisha mwaka 1986 ikatungwa sheria ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, yenye mfuko wake wa taifa wa kuendeleza sayansi. Viongozi wa Afrika wamekuwa wakiahidi asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti tangu Mpango wa Lagos wa mwaka 1980. Hatujaifikia, na nyimbo za ahadi hiyo tumeziimba mpaka sauti zimekauka. Hata hivyo, tukiipata kesho yote, itapita kwenye ofisi zilezile, kwa watu walewale wachache walioelemewa.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi Arusha watu tunao. Chuo cha Uhasibu kipo pale Njiro. Kila mwaka vijana wanavaa joho, wanahitimu uhasibu, ununuzi na ukaguzi, na wengine ni wapangaji wetu hapa Moshono. Tengeru kuna watafiti. Kati ya Njiro na Tengeru kuna nauli ya vifodi viwili, hizi daladala zetu. Ni wangapi kati ya vijana wale wamewahi kukaa muhula mmoja ndani ya mradi wa utafiti, wakasoma mkataba wa mfadhili, wakaona kwa nini sampuli ya masika haisubiri? Na watafiti nao, ni wangapi waliowahi kumwalika mhasibu kwenye kikao cha kwanza cha kuandika andiko? Wanampelekea bajeti saa nne usiku, mwisho wa kutuma ukiwa saa sita, halafu wanataka saini.

Kwa hiyo nina maombi, na nitayasema kwa majina ya vyeo. Mtafiti, mhasibu awemo kwenye andiko tangu ukurasa wa kwanza, na mwezi mmoja kabla ya kutuma. Mfadhili, kama unataka ripoti ya kiwango cha Harvard, lipia ofisi ya kuiandaa. Wakuu wa vyuo, makato mnayokata yaonekane: bandikeni kila mwaka mmekata kiasi gani na mmekifanyia nini, watafiti wasome. Na ninyi wajumbe wa mabaraza ya vyuo, mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Wekeni kwenye bajeti hiyo nafasi za maofisa wa ruzuku, ajira ya kudumu yenye ngazi ya kupanda, kabla hamjampigia mfadhili mwingine makofi.